Lori la Chama na Baiskeli ya Mwanachama

Msimu wa pamba unapofunguliwa katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Simiyu, kuanzia mwezi wa Mei hivi, barabara hubadilika sura. Tangu alfajiri huonekana baiskeli zikitoka vijijini, nyingine zimepandwa, nyingine zinakokotwa, kila moja ikiwa na gunia moja au mawili yaliyolazwa juu ya keria na kukazwa kwa mpira wa tairi. Zote huelekea mahali pamoja, ghala la chama cha msingi. Kutoka upande wa pili huja malori, nayo huelekea ghala lile lile ili kuichukua pamba hiyo na kuifikisha kwenye kiwanda cha kuchambua. Baiskeli na lori, kwa hiyo, si wageni waliokutana njiani kwa bahati. Ni sehemu mbili za kazi moja, na mali iliyomo ndani ya lori saa kumi jioni ndiyo ile iliyokuwa juu ya keria saa tatu asubuhi.

Jambo hilo husahauliwa mara tu magurudumu yanapoanza kuzunguka. Dereva humwona mpanda baiskeli kuwa ni kizuizi. Mpanda baiskeli naye humwona dereva kuwa ni mtu mwenye kiburi aliyewekwa juu ya kiti kirefu. Ajali ikitokea kila upande huwa na maelezo yake tayari. Mmoja husema, "Alijitupa mbele yangu." Mwingine husema, "Alikuwa akikimbia kama mtu anayefukuzwa." Mara nyingi maelezo yote mawili huwa na ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo hayamsaidii mtu. La maana zaidi ni kufahamu ni mambo gani yaliyowakutanisha watu hao wawili mahali pale, saa ile, kwa mwendo ule. Katika mambo hayo chama chenyewe kina mkono wake, ingawa ni nadra kulisikia likitajwa katika mikutano.

UZITO NA MWENDO

Wajibu wa kuilinda roho ya mtu barabarani ni wa wote, lakini si wa kiasi kimoja kwa wote. Lori lenye shehena ya tani kumi, ukijumlisha na uzito wa lori lenyewe, huwa zito karibu mara mia moja kuliko baiskeli, mwenye baiskeli na gunia lake vikipimwa pamoja. Mpanda baiskeli akikosea hulipa kwa mwili wake. Dereva akikosea, anayelipa ni yule yule mpanda baiskeli. Kwa ajili hiyo ziko nchi zilizoamua kuutia ukweli huo katika sheria. Uholanzi, ambako watu wengi mno hutumia baiskeli, sheria ya barabara ya mwaka 1994 humwajibisha mwenye gari kumfidia mpanda baiskeli aliyegongwa, isipokuwa aweze kuthibitisha kwamba ajali ile haikuweza kuepukika kwa upande wake. Na hata pale mpanda baiskeli mtu mzima anapokuwa na kosa, kwa kawaida hakosi angalau nusu ya fidia. Sheria hiyo haimwambii mwenye baiskeli kwamba hana kosa kamwe. Inachosema ni kwamba anayeleta kitu kizito na chenye kasi katika njia ya watu ameleta pia hatari, naye ndiye wa kwanza kuijibia.

Kasi nayo ina hesabu yake, na hesabu hiyo yafaa ifahamike kwa kila katibu anayepanga safari za malori. Mwendo ukiongezwa maradufu, nguvu ya kugonga haiwi maradufu. Huwa mara nne. Lori linalokwenda kilometa 80 kwa saa hubeba nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya ile liliyo nayo likienda kilometa 50. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mtu wa miguu anayegongwa na gari lililo katika mwendo wa kilometa 65 kwa saa yuko katika hatari ya kufa mara nne na nusu kuliko akigongwa na gari lililo katika mwendo wa kilometa 50. Tofauti ni kilometa kumi na tano tu, ambazo katika safari ya kilometa 30 kutoka ghalani hadi kiwandani humpunguzia dereva dakika zisizofika tisa. Shirika hilo hilo, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilitaja kuwa watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, yaani watu wasio na bati la kuwakinga.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, ya mwaka 1973, imeweka mwisho wa mwendo kuwa kilometa 50 kwa saa mahali penye makazi ya watu, na kilometa 80 kwa magari mazito nje ya makazi. Ghala la chama liko penye watu. Huko nyuma maghala yalijengwa makusudi kando ya barabara ili malori yaweze kupakia bila kuzama katika tope, na vijiji vikakua vikiyazunguka. Siku barabara zilipokuwa za vumbi na mashimo, mashimo yenyewe yalifanya kazi ya askari wa usalama. Barabara kama ile itokayo Lamadi kwenda Bariadi ilipowekwa lami, mashimo yaliondoka, na pamoja nayo likaondoka lile lililokuwa likimlazimisha dereva kupunguza mwendo. Wananchi waliifurahia lami, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini gunia la pamba bado lilikuja kwa baiskeli.

KISICHOONEKANA

Ajali nyingi za baiskeli na gari zina neno moja linalorudiwa na madereva: "Sikumwona." Wasikilizaji huona kuwa huo ni uongo wa kujitetea. Mara nyingi si uongo, na hapo ndipo shida ilipo, kwa maana mtu asiyeona hakupaswa kwenda kwa mwendo ule.

Tuseme ni saa mbili usiku, barabara ni ya lami kavu, na lori lina breki nzuri. Taa za chini za gari, kwa kipimo kilichowekwa katika Mkataba wa Kimataifa wa Usafiri wa Barabarani wa Vienna wa mwaka 1968, hutakiwa kumulika mita zisizopungua 40 mbele. Lori la kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Tangu jicho la dereva liuone mwili wa mtu mpaka mguu wake ukanyage breki hupita kiasi cha sekunde moja na nusu, na katika muda huo lori limekwisha kula mita 33 bila kupunguza mwendo hata kidogo. Tangu breki zishike mpaka lori lisimame huhitajika mita nyingine zipatazo 50. Jumla ni mita zaidi ya 80, ilhali mwanga umeonyesha 40 tu. Dereva huyo anakimbia ndani ya giza ambalo hajaliona. Akishuka hadi kilometa 50, kwa hesabu hiyo hiyo, huhitaji mita 40 hivi, nazo ndizo alizomulikiwa. Lori lililojaa kupita kiasi, au lenye raba za breki zilizokwisha, halimo kabisa katika hesabu hii.

Sasa mtazame mpanda baiskeli. Kioo chekundu cha kurudisha mwanga, kile kidogo kinachofungwa kwenye madigadi ya nyuma, kikipigwa na taa kali za gari huonekana kutoka zaidi ya mita 100. Kitu cha bei ndogo namna hiyo humwongezea dereva mita nyingi kuliko breki yoyote itakayobuniwa. Mkataba wa Vienna unataka kila baiskeli iwe nacho, pamoja na kengele, breki inayofanya kazi, taa nyeupe au ya manjano mbele na taa nyekundu nyuma. Lakini katika msimu wa kuuza mazao liko jambo ambalo waliotunga mkataba huenda hawakuliwaza: gunia. Gunia likilazwa juu ya keria huning'inia nyuma na kukifunika kile kioo chekundu kabisa. Mwanachama aliyenunua kioo, akakifunga, akaamini kwamba ameitii sheria, husafiri usiku akiwa haonekani kama yule asiyenunua. Dawa yake ni nyepesi. Kioo cha pili kifungwe kwa kamba nyuma ya gunia lenyewe, au kitambaa cheupe kitandikwe juu ya gunia na kukazwa kwa mpira. Kitambaa hakirudishi mwanga kama kioo, ila ni bora kuliko gunia la katani ambalo usiku lina rangi ya udongo.

Taa za dinamu zina ila yake pia. Dinamu huzungushwa na gurudumu. Mpanda baiskeli akishuka ili akokote kupanda mlima, taa hufifia, na akisimama huzimika. Ni kule mlimani, akiwa amechoka na ameinamia usukani, ndiko anakohitaji kuonekana zaidi. Taa ndogo za betri, au kurunzi iliyofungwa kwenye keria, haina ila hiyo.

Mchana nao una giza lake. Katika barabara za changarawe lori moja hutimua vumbi linalokaa hewani kwa muda mrefu, na mpanda baiskeli aliyepitwa humezwa humo. Lori la kwanza limempita salama. La pili, linalolifuata la kwanza kwa karibu ili lisiachwe, huingia katika vumbi lile bila dereva kujua kuna nini ndani. Malori ya chama hupenda kuondoka ghalani kwa msafara. Ni jambo la kawaida, tena madereva hulipenda kwa sababu ya kusaidiana pakitokea pancha. Basi na waachane mpaka vumbi la mwenzake litue, na wa nyuma awashe taa hata kama jua ni kali.

Aidha, yafaa kila mwanachama ajue kwamba dereva wa Tanzania huketi upande wa kulia wa gari, nayo baiskeli hupita upande wa kushoto wa barabara. Maana yake ni kwamba mwenye baiskeli yuko daima upande ule ulio mbali na jicho la dereva. Karibu na mlango wa kushoto wa lori iko sehemu ambayo kioo cha pembeni hakiionyeshi na dirisha haliifikii. Lori linapopinda kushoto kuingia ghalani, magurudumu ya nyuma hayafuati alama za yale ya mbele. Hukata kona kwa ndani, na likiwa na tela hukata zaidi. Mwanachama aliyesimama na baiskeli yake kati ya lori na nguzo ya lango, akidhani kwamba kichwa cha lori kikishapita hatari imepita, yuko mahali pabaya kuliko pote. Utingo ana kazi hapa kuliko ya kufunga turubai. Kabla lori halijapinda na ashuke, asimame nyuma upande wa kushoto, na watu waondoke kwanza.

NAMNA YA KUPITANA

Kuna dereva ambaye kwake honi ni amri. Huipiga akiwa mita kumi nyuma ya baiskeli, tena kwa muda mrefu, akitaraji kwamba mwenye baiskeli atatoka barabarani. Mambo mawili hutokea. La kwanza, mwenye baiskeli hushtuka na kugeuka kutazama nyuma kwa bega la kulia. Na baiskeli, kwa jinsi ilivyo, hufuata kule macho yanakoelekea, hivyo husogea kulia, katikati ya njia ya lori. La pili, akiwa mwepesi wa kutii, hushuka kutoka kwenye lami kwenda kwenye bega la barabara. Ukingo wa lami uliolika kwa mvua huwa na kimo cha kiganja au zaidi. Baiskeli tupu huweza kuruka hapo, lakini baiskeli yenye kilo 70 za pamba haiwezi; gurudumu la mbele huzama, usukani hupinda, gunia humsukuma mwenyewe, naye huangukia barabarani. Honi ipigwe mapema na kwa ufupi, kama salamu, na baada yake dereva apunguze mwendo.

Nafasi ya kupita nayo ina kipimo. Nchi kadhaa, miongoni mwao Hispania na Ujerumani, zimeweka kwamba gari linalompita mwenye baiskeli liache angalau mita moja na nusu kati yao. Kipimo hicho kina sababu. Lori kubwa husukuma upepo mbele yake na kuuvuta nyuma yake. Mpanda baiskeli husukumwa nje kwanza, kisha, kabla hajajiweka sawa, huvutwa ndani kuelekea magurudumu ya nyuma. Tena dereva aghalabu hupima kwa kutazama mgongo wa mtu, ilhali magunia mawili ya mkaa au mapipa mawili ya maziwa yamechomoza pande zote mbili za mgongo huo. Apime mzigo. Na ikiwa gari jingine linakuja mbele, nafasi haitoshi kwa watatu. Lori na lisubiri nyuma ya baiskeli. Kusubiri huko huchukua sekunde kumi au ishirini, nazo huonekana nyingi sana kwa mtu aliyeketi.

Wapanda baiskeli nao hawakosi mazoea mabaya. Wapo wapandao upande wa kulia wa barabara wakiamini kwamba ni salama zaidi kwa kuwa wanaliona lori linalokuja. Kwa mwenda kwa miguu imani hiyo ni sawa. Kwa baiskeli hesabu hugeuka: baiskeli ya kilometa 15 kwa saa ikienda upande mmoja na lori la kilometa 80, hukaribiana kwa kilometa 65, zikielekeana hukaribiana kwa kilometa 95. Wapo waendao wawili wawili sambamba wakizungumza bei ya msimu. Wapo walioziondoa breki zao za vyuma kwa sababu raba zake zilikwisha, wakabaki kusimamisha baiskeli kwa kukandamiza katambuga juu ya tairi. Njia hiyo hufaa mahali tambarare kwa baiskeli isiyo na mzigo. Katika mteremko wenye makutano chini yake haifai kitu, na mtu aliyeufikia mwisho wa mteremko huo bila kusimama hana haki ya kumlaumu dereva. Jozi moja ya raba za breki haifiki thamani ya kilo chache za pamba.

SAA YA KUFUNGA MIZANI

Mpaka hapa mazungumzo yamekuwa ya dereva na mwenye baiskeli, kana kwamba wao wawili tu ndio wenye barabara. Lakini na iulizwe: kwa nini mwanachama mwenye baiskeli isiyo na taa awe barabarani saa mbili usiku? Hakupenda kuwako. Katika kanda ya Ziwa jua huzama karibu na saa moja kasoro, na kwa kuwa nchi iko karibu na Ikweta, machweo hayakai. Nusu saa haipiti kabla giza halijatanda. Mwanachama aliyefika ghalani saa tatu asubuhi na kupimiwa saa kumi na mbili na nusu jioni hana namna nyingine ila kurudi gizani, baada ya siku nzima ya jua bila chakula cha maana.

Akiambiwa alaze pamba yake ghalani arudi kesho, hukataa. Hapana budi kukubali kwamba ana sababu. Mwanachama huyo, au baba yake kabla yake, aliwahi kuona mizani iliyosema uongo, au gunia lililopungua usiku, au jina lililoruka katika daftari. Historia ya ushirika ina kurasa za namna hiyo. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na kurudishwa kwa vyama hakukurudisha imani yote kwa mara moja. Asiyeiamini mizani hukaa nayo mpaka imsomee kilo zake mbele ya macho yake, hata iwe usiku. Kwa njia hiyo mashaka ya ghalani humtuma mtu barabarani saa mbaya, na mtu akigongwa kilometa sita kutoka hapo hakuna anayeikumbuka mizani.

Chama cha msingi, ambacho siku hizi hujulikana zaidi kwa jina la AMCOS, kinaweza kufanya mengi hapa bila kumngoja mtu wa serikali. Kila kitongoji kinaweza kupangiwa siku yake ya kuuza, ili watu mia mbili wasifike asubuhi moja. Namba zinaweza kutolewa kwa kufuata kufika, na watu wa vijiji vya mbali wakatangulizwa mchana. Mizani inaweza kufungwa saa kumi jioni bila ubishi, ikiwa mwenye gunia lisilopimwa atapewa stakabadhi yenye namba ya gunia, nalo likatiwa lakiri mbele yake na kulazwa katika chumba chenye funguo mbili, moja ya karani na moja ya mjumbe aliyechaguliwa na wanachama wenyewe. Utaratibu huo una gharama. Mlinzi atalipwa, lakiri zitanunuliwa, na karani hatapenda. Baadhi ya viongozi watasema kwamba wanachama hawataukubali, nao watakuwa wanasema kweli kwa msimu wa kwanza.

Upande wa malori nako kuna swali la namna hiyo. Dereva anayelipwa kwa idadi ya safari ataongeza safari, na safari ya tano huongezwa kwa kula usingizi wa usiku au kwa kukanyaga mafuta. Wenye kupanga malipo hayo ni chama kikuu, au mnunuzi, au mwenye lori aliyekodiwa; dereva huyapokea tu. Mkataba wa kukodi malori unaoandikwa kabla ya msimu una nafasi ya kutosha kutia vifungu vichache: lori lisipakie baada ya saa kumi na moja jioni, dereva asizidishe safari zilizokubaliwa kwa siku, na breki na taa zikaguliwe kabla ya safari ya kwanza. Siku hiyo hiyo ya ukaguzi fundi baiskeli anaweza kuitwa akae chini ya mti wa ghala na raba zake, spoki zake na vioo vyake vyekundu, wanachama wakatengenezewa kwa makato madogo ya mauzo, iwapo Mkutano Mkuu umeyapitisha.

AJALI IKISHATOKEA

Sheria humtaka dereva aliyegonga asimame, amsaidie majeruhi na kutoa taarifa polisi. Kila msomaji anajua kwamba madereva wengi hawasimami, na kila msomaji anajua pia sababu. Kijiji kikisikia kishindo hutoka na mawe. Dereva anayeogopa kuuawa hukimbia, hata yule ambaye hakuwa na kosa, na majeruhi hubaki kando ya barabara akivuja damu huku gari pekee lililokuwa karibu, ambalo lingemfikisha hospitali kwa robo saa, likitokomea. Mawe hayo yamekwisha kuua wengi ambao hawakupigwa nayo. Viongozi wa chama wana sauti katika vijiji hivyo, na neno hilo wanaweza kulisema mapema, kabla ya msimu na kabla ya msiba, kwamba dereva atakayesimama mbele ya ghala la chama hataguswa, atakabidhiwa kwa polisi akiwa mzima.

Watu wawili watumwe kwa wakati mmoja: mmoja aende na majeruhi hospitali, mwingine aende kituo cha polisi kutoa taarifa na kuchukua fomu ya PF3. Asiyejua huanza na kituo, na saa ya kwanza, ambayo ndiyo huokoa, hupotea katika benchi.

Liko pia jambo la bima, ambalo wanachama wengi hawalifahamu. Sheria ya Tanzania inalazimisha kila gari liwe na bima ya kufidia watu wengine watakaoumizwa nalo, na mwenye baiskeli ni mmoja wa watu hao, iwe lori ni la chama, la mnunuzi au la mtu binafsi. Haki hiyo haiji yenyewe. Hudaiwa, na kudaiwa kwake huhitaji namba ya gari, taarifa ya polisi na karatasi za hospitali. Familia nyingi zilizomzika mtu wao au zinazomlea kilema hazikudai chochote kwa sababu siku ile, katika kelele na kilio, hakuna aliyeandika namba. Karani wa mizani ana kalamu na daftari mkononi siku nzima. Yeye ndiye anayefaa kupewa kazi hiyo: aandike namba ya gari, saa, mahali baiskeli ilipolala, na majina ya walioshuhudia, kabla magari mengine hayajafuta alama za matairi.